Dawa ya Mafuta

Mimi ni fundi bomba. Niliitwa Januari,
msimu wa kuangua zeituni, baridi ya kukata masikio,
kwenye jengo la ghorofa nne nyuma ya kinu,
mtaa ambao hata ukungu wake unanuka mafuta.
Sinki la chini lilikuwa limetapika.

Kila mlango niliobisha ulijitetea.
Ghorofa ya nne: sisi hatukaangi, tunachemsha.
Ya tatu: waulize wa nne.
Ya pili, bwana Ildefonso, midomo ingali inang'aa samaki,
akaapa kwa mama yake aliye kaburini.
Nikafungua bomba.
Likanizalia donge jeupe, gumu, kubwa kama kichwa cha mtoto.
Krismasi nzima ya jengo imeganda humo,
ngisi wa huyu, maandazi ya yule,
wameyamimina usiku, kimyakimya,
na maji ya moto juu yake, eti yatapita.

Na aliyefurikiwa ni nani? Bi Tíscar,
miaka themanini na mmoja,
ambaye tangu azaliwe hajamwaga hata kijiko.
Nikamwambia, maji yakimwagika hayazoleki.
"Haya tunayazoa," akasema, akikamua tambara.
"Mafuta ndiyo hayazoleki."

Chini ya meza yake kuna debe
lililovishwa mdomoni soksi ya nailoni.
Mafuta yanachujika tone, tone,
makombo yanabaki kwenye kidole cha soksi kama mchanga.
"Nakaangia mara tatu. Ya nne yana uchungu.
Hapo si ya mdomo tena, ni ya mkono."

Ya mkono, akanionyesha:
mpini wa nyundo ya marehemu Crisanto,
unang'aa kama ubavu wa farasi;
koleo lililokataa kutu masika nane;
kopo la dagaa, utambi wake kamba ya kiatu.
Umeme ulipokatika usiku wa theluji
watoto wa ghorofa ya nne, wale wasiokaanga,
walishuka kufanyia hesabu mwanga wake.
Harufu ya viazi ikawatia njaa, wakakosea kujumlisha.

Sabuni haipiki. Anaikoroga uani.
Magadi makali huingia majini,
kamwe si maji kwenye magadi,
alirudia mara mbili, akakunja mkono wa sweta
nione kovu.
Kisha mafuta, fimbo ya mzeituni, upande mmoja tu,
mpaka bega liombe radhi,
mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa.
Kisha boksi la viatu.
Kisha arobaini kabatini, kama mzazi.

Mikono yangu nilikuwa nimeiosha mara tatu
kwa ile dawa ya buluu ninayotembea nayo mfukoni.
Bado ilinata, bado ilinuka majirani.
Akanipa kipande, rangi ya jino la mzee,
kikatoa povu dogo, la uchoyo.
Mikono ikarudi kuwa yangu.
Dawa ya moto ni moto, hilo nalijua tangu utoto.
Ya mafuta nilifunzwa siku ile, kwenye beseni.

Ghorofa tatu za juu hazijanilipa hadi leo.
Yeye alinipa vipande sita ndani ya gazeti,
tarehe imeandikwa kwa penseli kwenye kila kimoja.
Nilipofungua gari, mlango ukapiga yowe,
akatoka na ndara zake kwenye baridi ile,
unyoya wa kuku mkononi, ncha inadondosha,
akapaka bawaba zote.
"Yatanata," akanionya. "Mafuta ya chakula hayadumu kwenye chuma.
Mwakani utalia tena. Uje."

Nikafika nyumbani kama mwizi.
Capilla akageuka, akashtuka: "Leo sikukusikia!"
Kikaango kilikuwa mkononi mwake, kimeshapoa,
kimeinama juu ya sinki.

Nikamshika kiwiko.